Kabla hujakubali koo litolewe lote

Baba mdogo alikuwa mwadhini wa msikiti wetu Tanga. Sauti ilipoanza kukwaruza tulimpa tangawizi, tukampa asali, tukailaumu hata spika ya msikiti. Miezi minne ikapita hivyo. Msifanye kama sisi: sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvuta sigara (naye alivuta ujana wote), nendeni kwa daktari wa masikio, pua na koo achungulie. Sisi tulikwenda baada ya tezi kuvimba shingoni.

Kinyama kilichokatwa kooni kilipopimwa, ikaonekana saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti kilichomo kooni), juu kidogo ya nyuzi za sauti. Daktari wa kwanza akataka kulitoa zoloto zima, mgonjwa abaki akipumulia tundu la shingoni maisha yake yote. Ba'mdogo akauliza: "Na adhana?"

Tukatafuta maoni ya pili, mahali ambapo daktari wa upasuaji na wa mionzi hukaa meza moja. Wao wakaamua kukata sehemu yenye uvimbe pamoja na tezi za shingoni, nyuzi zibaki, kisha mionzi imalizie chembe zisizoonekana. Si kila mtu anafaa. Uvimbe ukishaitoboa gegedu (ule mfupa laini wa zoloto), mara nyingi zoloto haliokoleki. Walimpima na mapafu pia, kwani baada ya upasuaji huo chakula hupotea njia, na asiyeweza kukohoa vizuri hupata nimonia. Na uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi kisu pekee au mionzi pekee hutosha. Ulizeni.

Mionzi ilikuwa mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Tulipanga chumba Dar. Nauli ya kila siku ingetumaliza. Kabla ya yote mpelekeni kwa daktari wa meno, mabovu yang'olewe mapema, kwa sababu taya lililopigwa mionzi kidonda chake hakiponi upesi. Wiki ya tatu koo lilichubuka, uji wa ulezi ukawa unapita kwenye mpira wa puani. Hata hivyo mtaalamu alimlazimisha kumeza mate kila siku kwa zoezi, na mimi nilimwona katili. Leo anakula ugali, ila mchuzi uwe mwingi.

Mate hayakurudi yote, anatembea na chupa ya maji. Adhana anaadhini kijana mwingine. Akikosea, Ba'mdogo humsahihisha palepale, kwa sauti ya kukwaruza.