Wazo Linakuchoma? Anza na Kurasa Tano

Kama una wazo la filamu linalokunyima usingizi, karibu. Joto hilo nalijua. Langu nililibeba miaka sita kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Nilimsimulia kila aliyekubali kukaa nami zaidi ya robo saa, na karibu wote waliniambia, "Hii ikitoka itakuwa kali." Nikawa narudi kulala nimeshiba sifa, na kazi yenyewe sijaigusa. Kusimulia kuna ubaya huo, kunakata kiu. Siku hizi nikiwa na wazo jipya nafunga mdomo mpaka liwe karatasini.

Nilipokaa hatimaye kuandika, ilitoka skripti ya kurasa 187. Hesabu ya kazi hii ni kwamba ukurasa mmoja uliopangwa inavyotakiwa hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, na skripti za filamu ndefu kwa kawaida huwa kati ya kurasa 90 na 120. Kwa hiyo nilikuwa nimeandika filamu ya saa tatu na dakika saba, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja anayetaka kitu kinachoeleweka. Mtayarishaji niliyempelekea aliishika, akaipima uzito mkononi, akaniuliza, "Hizi ni filamu ngapi?" Nilinuna mwezi mzima. Leo mtu akiniletea mzigo ule nami ningemuuliza hivyo hivyo.

Kosa langu lilianza mbali kuliko idadi ya kurasa. Nilidhani nina hadithi, kumbe nilikuwa na mada. Jipime mwenyewe: ukiulizwa filamu yako ni ya nini, ukajibu "inahusu rushwa" au "inahusu mapenzi", bado hujapata hadithi. Mada haina miguu. Sasa sikiliza hii: karani wa mahakama aliyewahi kulipwa ili apoteze jalada anagundua kwamba kesi iliyofutika ilikuwa ya mdogo wake, na ana mpaka Jumatatu kulirudisha bila kukiri kwamba ndiye aliyelificha. Rushwa imo, wala haikutajwa. Kuna mtu, kuna anachokitaka, kuna kinachomzuia, na kuna cha kupoteza akishindwa. Zaidi ya yote, anayemzuia ni yeye mwenyewe wa jana, jambo ambalo halihitaji hata kumtafuta adui.

Andika sentensi ya namna hiyo moja kuhusu wazo lako. Itakuchukua siku kadhaa, usishangae. Ikikataa kabisa kuandikika, afadhali umejua sasa kuliko kwenye ukurasa wa 80.

Halafu liweke pembeni. Najua hili linauma, lakini wazo unalolipenda kuliko yote usilifanye skripti yako ya kwanza. Utalijifunzia kazi, na mwanafunzi huharibu vitambaa vingi kabla ya kushona shati. Anza na filamu fupi: kurasa tano, watu wawili, mahali pamoja, mchana. Nasema mchana kwa sababu kila unachoandika mtu atakilipia. Wewe ukiandika "mvua kubwa, usiku, umati unakimbia" umetumia sekunde nne. Mwenzako atatafuta taa, maji, watu, chakula cha watu hao, na usiku mzima wa kazi. Kanuni za tuzo za Oscar zinaiita fupi filamu yoyote isiyozidi dakika 40, lakini ukianza na 40 utakuwa umejirudisha kwenye mtego wangu. Tano zinatosha kukufundisha karibu kila kitu, na faida yake kubwa ni kwamba zinaweza kupigwa picha kweli.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunaponasa. Skripti huandikwa kwa kinachoonekana na kinachosikika tu. Kila mtu anakubali ukimwambia, kisha anakwenda kuandika kama nilivyoandika mimi:

"Salma ni mwanamke wa miaka 40 ambaye kwa muda mrefu amechoka na ndoa yake, lakini anaogopa kuondoka kwa sababu ya mtoto."

Rafiki yangu mwongozaji alisoma mstari huo akauliza, "Sawa. Sasa kamera ikiwaka, mwigizaji afanye nini?" Sikuwa na jibu. "Amechoka" niionyesheje, apige mwayo? Nilihangaika na mstari mmoja ule wiki mbili, na hiki ndicho kilichotoka:

NDANI. CHUMBA CHA KULALA – USIKU

Salma, 40, anakunja nguo kitandani.

SAUTI YA MTOTO
Mama! Sweta langu la shule liko wapi?

Salma anasita. Anapiga magoti, anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Analifungua. Nguo zake na za mtoto, zimekunjwa, zimepangwa, zimejaa. Anachomoa sweta, anafunga sanduku, analirudisha kwa mguu. Mtoto anaingia, analipokea, analinusa.

MTOTO
Mbona linanuka vumbi?

Salma anaendelea kukunja nguo.

Angalia tulichokipata bila mtu kueleza. Anataka kuondoka, maana sanduku limepangwa. Ameshindwa kwa muda mrefu, maana kuna vumbi. Hataki kumwacha mtoto, maana sweta limo. Na mtoto huyo huyo, kwa kudai nguo ya kesho asubuhi, ndiye anayefungua sanduku na kumbakiza. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe, na akishaunganisha anajiona mjanja. Mwandishi unamwachia furaha hiyo.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mitego miwili ya kwetu ambayo vitabu vya wageni haviwezi kukuonya. Wa kwanza ni "ka". Tumelelewa na hadithi, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe: akaamka, akanawa, akatoka. Skripti inaeleza kinachotokea sasa hivi mbele ya macho, hivyo ni anaamka, ananawa, anatoka. Ukiona "ka" zimejipanga, ujue umerudi kwenye riwaya. Wa pili ni kiambishi "a". Watu watatu wako chumbani, nawe unaandika "anamsukuma, anaanguka, anamcheka". Nani? Lugha yetu haikuambii hata kama ni mwanamke au mwanamume. Rudia majina bila aibu. Kwenye insha mwalimu angekukata alama. Hapa unamwokoa mwongozaji.

Mazungumzo nayo yana ugonjwa wake, na unaitwa salamu. Hodi, karibu, habari za tangu jana, nzuri, za kwako, salama: tayari umekula nusu ukurasa, yaani nusu dakika, na hakuna kilichotokea. Ingia kwenye sini, yaani kipande cha filamu kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, ikiwa imeshaanza kuchemka, na utoke kabla haijapoa. Salamu ibaki pale tu inapofanya kazi, kwa mfano mtu anapoikataa. Kisha soma kila mstari kwa sauti. Wahusika wangu wa mwanzo walizungumza kama watangazaji wa habari, kila mmoja Kiswahili sanifu, sentensi imenyooka, mpaka mtoto wa miaka saba alikuwa anasema "hata hivyo".

Kuhusu mpangilio wa ukurasa sitakaa sana, kwa sababu wanaoanza huutumia kama kisingizio cha kutoandika. Mwandiko ni Courier ukubwa wa 12, ambao kila herufi inachukua upana uleule. Bila hivyo hesabu ya ukurasa kwa dakika inavurugika. Kila sini ina kichwa kinachosema ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Jina la anayezungumza huwa kwa herufi kubwa juu ya maneno yake. Pembe za kamera mwachie mwongozaji, na namba za sini huwekwa baadaye, skripti inapoandaliwa kwa ajili ya kupiga picha. Programu ya Final Draft ni ya kulipia na wengi wanaitumia, ila Trelby ni ya bure, na ukijifunza alama chache za Fountain, mtindo wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida, unaweza kuandika hata kwenye simu, kisha programu ikakupangia ukurasa. Nimeona watu wakitafuta programu nzuri mwaka mzima.

"Nikionyesha watu si wataniibia?" Kila mgeni ananiuliza. Ukweli wenyewe haufurahishi: sheria ya hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyoliandika, na ndivyo ilivyo karibu kila nchi. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao msingi wake uliwekwa mwaka 1886, unalinda kazi bila kudai uisajili kwanza, ingawa usajili husaidia mkifika kwenye ugomvi. Maana yake ni kwamba wazo ulilolisimulia mezani halina ulinzi, na kurasa tano ulizoziandika zinao. Tunza rasimu zako zote zikiwa na tarehe. Na sheria hiyohiyo inakubana wewe pia: ukitaka kugeuza riwaya ya mtu kuwa filamu, omba haki kwanza, kabla hujaandika.

Rasimu ya kwanza ikiisha, itakuwa mbaya. Ifiche wiki mbili. Kisha kusanya watu wanne au watano, wagawie wahusika, wasome kwa sauti, nawe ukae kimya. Kimya kweli! Mimi mara ya kwanza nilimkatiza msomaji mara sita kumweleza nilichomaanisha, mpaka mwongozaji wangu yule akaninong'oneza, "Utakaa kwenye kila kiti cha sinema uwaelezee?" Shika kalamu, weka alama pale ulimi wa msomaji unapojikwaa na pale mtu anapochungulia simu. Wakimaliza, usiulize kama wameipenda, watasema ndiyo. Uliza walichoka wapi, na kabla ya mwisho walidhani nini kitatokea. Wakikupa dawa, pokea kwa adabu bila kulazimika kuinywa. Wasomaji hupatia mno kuonyesha panapouma na hukosea sana kusema pafanyiwe nini.

Siku mtayarishaji akipenda kazi yako, huenda akataka kuishikilia kwa muda maalumu kwa malipo, akitafuta fedha za kuitengeneza. Ni jambo la kawaida. Soma mambo matatu kabla ya kusaini: muda unaisha lini, haki zinarudi kwako vipi ukiisha, na jina lako litaandikwaje. Kama hayamo kwa maandishi, hayapo.

Zile kurasa 187 bado ninazo. Kilichotoka humo kikaishi ni sini ya sanduku tu, tuliyoikuza ikawa filamu ya dakika sita. Siku ya kupiga picha, mwigizaji wa Salma alichomoa sweta kama nilivyoandika, halafu, bila kuambiwa na mtu, akalinusa yeye mwenyewe kwanza, akalikung'uta mara mbili, ndipo akampa mtoto. Mwongozaji akanigeukia, nikajua anachotaka kusema. Mstari wa vumbi, ambao niliupenda kuliko yote niliyowahi kuandika, tuliukata palepale.