Kona ya Juu Huanzia Chini ya Wimbi: Maswali na Majibu

Swali: Mwalimu, nina miaka miwili tangu nianze kuteleza mawimbini hapa Nyali na kusimama ubaoni si tatizo tena, lakini kila nikijaribu kukata kona juu ya wimbi ubao hupoteza mwendo nami huanguka. Nakosea wapi?

Jibu: Nashuku kwamba kosa lako limekwisha kutendeka kabla hujafika huko juu. Ubao huwa na kasi kubwa zaidi unapomaliza kuteremka hadi miguuni pa wimbi, na ni kasi hiyo unayoitumia kupanda tena kwa kuulaza ubao juu ya ukingo wake mmoja. Wengi hugeuka katikati ya mteremko kwa hofu ya kuachwa na wimbi, basi hufika kileleni wakiwa hawana mwendo wa kugeukia. Subiri mpaka ukaribie maji tambarare, kisha kunja magoti na vifundo vya miguu, wala si kiuno, hadi mkono wako wa ndani ukaribie kugusa maji. Macho yatangulie kutazama mahali unapotaka kufika, mabega yafuate macho, nyonga zifuate mabega; uzito uegemee vidoleni ikiwa unalitazama wimbi, au visiginoni ikiwa umelipa mgongo. Unapopanda nyoosha magoti taratibu, na ukikaribia kilele yakunje tena, geuza kichwa utazame chini ulikotoka, ndipo usukume kwa mguu wa nyuma. Nimewaona vijana wenye nguvu za kutosha kabisa wakishindwa na jambo hili kwa sababu tu walikuwa wakitazama ncha ya ubao.

Swali: Mguu wa nyuma ukae wapi hasa? (Msomaji wa Likoni)

Jibu: Juu ya mapezi, yaani vile vibapa vidogo kama mapezi ya samaki vilivyo chini ya ubao upande wa nyuma. Ukiusogeza mbele, ubao utashika njia moja kama jahazi ambalo hakuna aliyeshika usukani wake. Zamani mbao hazikuwa na mapezi, na mtelezaji aliburura mguu majini ili ageuke. Tom Blake wa Marekani ndiye aliyefunga pezi chini ya ubao mwaka 1935, na mwaka 1980 Simon Anderson wa Australia akaunda ubao wa mapezi matatu, ambao hadi leo ndio umbo la kawaida la mbao fupi kwa kuwa hushika maji vizuri hata ukiulaza sana.

Swali: Je, mawimbi ya Mombasa yanafaa kwa mazoezi ya kona, au ni lazima mtu asafiri?

Jibu: Yanafaa, ila yana masharti yake. Mwamba huyavunja mawimbi mbali na ufuo, kwa hiyo ndani yake utakuta povu tu, ambalo linamtosha anayejifunza kusimama lakini halina uso wa kukatia kona. Anayetaka uso huo hana budi kwenda mwambani, na huko matumbawe hayana huruma maji yanapokupwa. Siku za bamvua, kujaa na kupwa hutofautiana kwa takriban mita 3. Nenda maji yakiwa yamejaa, tena pamoja na mwenyeji anayezijua njia za mwambani. Msimu wa kusi huleta mawimbi makubwa zaidi, lakini upepo wake huyachafua kadiri jua linavyopanda, hivyo amka mapema. Mlango wa Kilindini ni njia ya meli. Usiukaribie kwa hali yoyote.

Swali: Naweza kufanya mazoezi nchi kavu?

Jibu: Ndiyo, kwa ubao wa magurudumu kwenye lami isiyo na magari, ukiwa umevaa kofia ngumu. Watoto wa mtaa watakucheka kwa siku mbili tatu. Chora alama mbili kwa chaki, moja ya kona ya chini na nyingine ya kona ya juu, uzipitie bila kusukuma ardhi kwa mguu. Ukikwama kabla ya alama ya pili, rudi ukarekebishe mkunjo wa magoti kwenye ile ya kwanza.