Maswali na majibu: Risasi za kumimina nyumbani zinazogoma kwenye bastola

Barua za safari hii zimetoka kwa ndugu walioko Marekani. Huko sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya (kile kipande kinachoruka) kwenye ganda la shaba lililokwisha kutumika, na wapiga shabaha wengi hufanya hivyo kupunguza gharama. Vipimo vya baruti sitavitoa hapa. Hivyo vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti uliyonayo, kwa kichwa cha aina na uzito ule ule, na uanzie kiwango cha chini.

Bastola yangu ni ya milimita 9. Risasi za dukani zinaingia vizuri, lakini nikitia zangu zenye vichwa vya kumimina, yaani vya madini ya risasi (ledi) yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, slaidi inasimama kabla haijafunga kabisa. Nimeshauriwa nibadilishe springi. Nibadilishe?

Usibadilishe chochote kwanza. Bastola inayokula risasi za dukani bila kugoma ni nzima, na kasoro inakaa kwenye risasi uliyojaza. Hakikisha silaha haina kitu, ifungue, utoe mtutu. Ushike chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ikitazama juu, kisha idondoshe risasi yako ndani. Inatakiwa izame kwa uzito wake, igonge “tak”, izunguke ukiigusa kwa kidole, na itoke yenyewe ukiinamisha mtutu. Jaribio hili lifanye kwa mtutu uliotolewa peke yake, kamwe si kwa kufunga slaidi ya bastola kamili ukiwa nyumbani.

Ikikataa, ipake risasi wino mzito wa kalamu ya kuandikia maboksi, iingize tena na uizungushe, halafu utazame wino umekwanguka wapi. Ukikwanguka kwenye kichwa, mbele ya mdomo wa ganda, ujue kichwa kimekaa mbele mno na kinagusa michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Ukikwanguka kwenye ukingo wa mdomo, ule mtanuo uliofanya ili kichwa kiingie haujanyooshwa. Ukikwanguka ubavuni mwa ganda upande mmoja tu, kichwa kimeingia kombo.

Watu wengi huona urefu wa juu unaotajwa na SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya silaha na risasi, kwa milimita 9, yaani milimita 29.69, wakadhani ndio urefu wa kulenga. Huo ni ukomo tu. Kichwa cha kumimina chenye pua butu mara nyingi hudai risasi fupi zaidi ya hapo, na chemba yako ndiyo inayoamua. Lakini ukizamisha kichwa, nafasi ya baruti ndani ya ganda hilo dogo inapungua na shinikizo linapanda haraka. Kwa hiyo kila ukifupisha, rudi kwenye kiwango cha chini cha kitabu uanze upya. Nakuomba sana usiruke hatua hiyo.

Nimebana mdomo wa ganda kwa nguvu zote ili kichwa kisirudi ndani, lakini bado kinarudi. Nibane zaidi?

Hapana, punguza. Maganda ya milimita 9, na ya risasi nyingine za bastola kama .40 na .45 ACP, husimama ndani ya chemba kwa ukingo wa mdomo wao. Ukiukunja ukingo huo kuelekea ndani, umeliondolea ganda mahali pa kusimamia. Tena madini ya risasi ni laini: ukiyakaba, kichwa kinapungua kipenyo huku shaba ya ganda ikijirudi kidogo, na mshiko unalegea badala ya kukaza. Kinachoshika kichwa ni mkazo wa ganda lenyewe. Kubana mdomo ni kwa ajili ya kuondoa ule mtanuo, basi.

Pima urefu wa risasi, kisukume kichwa kwenye mbao ya meza kwa nguvu ya kidole gumba, kisha pima tena. Kikirudi ndani, chunguza kama kifaa chako kinatanua ganda kupita kiasi, na risasi hiyo usiifyatue. Angalia pia upande wa pili wa tatizo: mdomo usiotanuliwa vya kutosha hukwangua kichwa kinapoingia, na pete nyembamba ya madini hubaki mdomoni na kuzuia risasi isikae sawa kwenye chemba.

Kwa .45, umbo gani la kichwa halisumbui?

Pua ya mviringo. Bastola aliyoibuni John Browning, iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ilikusudiwa risasi yenye kichwa cha duara cha greni 230 (kama gramu 15). Vichwa vyenye bega kali hutoboa karatasi ya shabaha tundu safi, na vipo vinavyopita vizuri, ila vinadai urefu sahihi kabisa. Viache mpaka mkono uzoee.

Nimechanganya metali ya antimoni kwenye madini ya risasi ili vichwa viwe vigumu, lakini madini bado yanaganda ndani ya mtutu. Kwa nini?

Mara nyingi kosa ni kipenyo. Kichwa chembamba kuliko mtutu hupitisha gesi ya moto pembeni, nayo huyeyusha madini na kuyabandika ukutani. Kwa kawaida kichwa cha kumimina huzidi kile cha koti la shaba kwa elfu moja ya inchi: .356 badala ya .355 kwa milimita 9, .452 badala ya .451 kwa .45. Kikizidi hapo ganda linaweza kuvimba, kwa hiyo rudia jaribio la chemba. Kama unatumia bastola ya Glock, soma kwanza kitabu chake, maana mtengenezaji anakataza vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti la shaba.

Mke wangu amenikataza kuyeyusha jikoni. Naona anazidisha.

Hazidishi hata kidogo. Hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na yanaharibu ubongo unaokua. Madini hayo huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Hatari ya kila siku ni vumbi, hasa ule unga wa kijivu unaoenguliwa juu ya chungu, ambao hufuata mikono, viatu na nguo mpaka kwenye zulia anapotambaa mtoto. Fanyia kazi nje au kwenye banda linalopitisha hewa. Chungu na mwiko visirudi jikoni kamwe. Usifagie kavu, futa kwa kitambaa chenye maji, lakini sakafu na zana zikauke kabisa kabla hujawasha moto: tone moja la maji likifunikwa na madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni mwako. Vaa miwani na glovu, usile wala kuvuta sigara hapo, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mwambie daktari wako, akupime damu.

Niko Marekani kwa viza ya masomo. Naweza kuanza?

Usianze. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni wa viza ya muda kumiliki silaha na risasi pia, isipokuwa kwa nafasi chache kama leseni halali ya uwindaji, na hata hapo uliza wakili. Wenye makazi ya kudumu hawamo katika katazo hilo. Kumjazia mtu mwingine kwa malipo ni biashara inayodai leseni ya shirikisho. Na vifaa hivi usifikirie kuvirudisha nyumbani: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kwa zote mbili kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.