Maua yaliyokufa Houston, na yaliyorudi

Ijumaa asubuhi nilitoka zamu ya usiku nikakuta kibao kimechomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba yangu: "Bustani ya Mwezi". Nilizima gari nikabaki nimekaa ndani nikikitazama. Kibao hicho kinatolewa na chama kile kile cha wenye nyumba wa mtaa wetu ambacho Machi 2021 kiliniandikia barua, kikanipa siku 30 niondoe mimea iliyokufa kwa kuwa inaharibu sura ya mtaa. Barua ile ninayo mpaka leo kwenye droo ya jikoni. Sijaichana.

Nilipoweka picha ya kibao nilipokea pongezi nyingi, na nawashukuru. Lakini ujumbe ulionikalisha niandike ni wa dada mmoja aliyenunua nyumba Katy, kitongoji cha hapa Houston, mwezi uliopita. "Shikamoo dada. Nataka mbele ya nyumba pawe kama kwa bibi yangu Pangani. Nianze na maua gani?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Huyu dada ni mimi wa mwaka 2018. Na najua wengi wenu mko hapo hapo: umehangaika na karatasi, umepiga zamu mbili mbili, nyumba umeipata, sasa unataka mama akikupigia kwa video aone maua, asione uzio wa mbao tu.

Mimi nilinunua nyumba Machi 2018. Aprili nikaenda kwenye duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi, lile lenye bustani ya miche upande mmoja, nikajaza toroli mbili. Iksora nyekundu sita. Krotoni za kila rangi. Bogenvilia tatu za kupanda ukutani. Hibiskasi zenye ulimi mrefu, kama zile tulizokuwa tukizichuma tukitoka chuo. Nikaongeza na asumini, niliyoipata kwenye duka la Wahindi mtaa wa Hillcroft. Hiyo niliiweka kwenye chungu kwa kuwa hela ya udongo ilikuwa imekwisha. Kila mche ulikuwa na kikaratasi kimeandikwa "jua kali". Nikasema jua ninalijua, nimezaliwa Tanga.

Na kwa miaka karibu mitatu Houston ilikubaliana nami. Joto lile lile la kubandika nguo mgongoni, unyevu ule ule, mvua ya mwaka kama milimita 1,250, haipishani sana na ya kwetu. Iksora zilifika kiunoni. Nilikuwa nikituma picha kwenye kundi la familia kila Jumapili, na shangazi yangu akasema nimeihamisha Tanga nzima kwenda Texas. Nililipenda neno lile kupita kiasi.

Halafu ikaja Februari 2021. Walioishi Texas siku zile hawahitaji kusimuliwa: umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu, mabomba yakapasuka, tukalala na makoti. Alfajiri ya tarehe 16 uwanja mkubwa wa ndege wa Houston ulipima nyuzi 13 za Fahrenheit, ambazo kwa kipimo chetu ni karibu 11 chini ya sifuri. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimetoka na tochi kuifunika mimea kwa mashuka, mablanketi, na mwisho doti mbili za khanga alizonipa mama nilipoondoka nyumbani. Zile khanga ziliganda zikawa ngumu kama bati.

Siku barafu ilipoyeyuka nilifunua. Krotoni zilikuwa nyeusi na laini kama mchicha uliochemshwa. Iksora zote sita zimekauka kama moto umepita. Bogenvilia ukitikisa, majani yanamwagika. Mama alipiga video, nikaelekeza simu dari. Sikumwonyesha bustani mpaka mwaka uliofuata.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Wizara ya Kilimo ya Marekani inayo ramani inayoigawa nchi kwa kanda za baridi, na miche mingi inayouzwa huku imeandikwa namba ya kanda inayoiweza. Houston iko kanda ya 9. Iksora na krotoni ni mimea ya kanda ya 10 na kuendelea. Basi. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi, chini, kwa herufi ndogo, nami nilisoma neno la jua peke yake. Tena hata ukiisoma hiyo namba, ifahamu vizuri: ni wastani wa usiku wa baridi kuliko yote katika kila mwaka. Ramani iliyotolewa 2023 imechukua miaka 30, kuanzia 1991 mpaka 2020. Wastani maana yake kuna mwaka utakaovuka. Kanda ya 9 inakuahidi baridi isiyoshuka chini ya nyuzi 20 za Fahrenheit. 2021 tulipata 13, na Desemba 2022 tukapata 15. Kwa hiyo unapochagua mti ambao hutaki kuupoteza, chagua wa kanda ya 8. Sisi watu wa pwani tunachagua maua kwa joto. Huku joto si mtihani, mtihani ni usiku mmoja.

Ile barua ya siku 30 niliitii. Niling'oa kila kitu kwa siku mbili, kwa hasira. Na hapo ndipo nilipofanya kosa linaloniuma kuliko la kwanza. Kwenye kona ya nyuma, ambako barabarani hawaoni, nilichoka nikaacha kisiki kimoja. Mche huo nilikuwa nimeupewa na mfanyakazi mwenzangu. Huku wanauita Fahari ya Barbados. Mnaujua. Ni kile kichaka chenye maua mekundu ya machungwa yaliyozungushiwa manjano, nyuzi zimetoka nje kama sharubu. Shule yangu ya msingi ilizungukwa nacho. Mwezi Mei, wiki ya pili, nilikuwa namwaga maji ya ndoo nikaona chipukizi jekundu chini ya kile kisiki. Kufikia Agosti kilikuwa kimenipita kimo, kimejaa maua.

Nikakumbuka hibiskasi na bogenvilia nilizozing'oa Machi. Huenda baadhi zilikuwa hai chini. Sitajua kamwe, kwa sababu niliogopa barua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningekuwa na nafasi ya kutoa mmoja tu ningetoa huu: tafuta mimea inayokufa juu na kurudi kutoka mzizini. Fahari ya Barbados ni mmoja. Esperanza ya maua manjano, ile Tecoma stans iliyojaa mitaani kwetu, ni wa pili. Plumbago ya bluu, asili yake Afrika Kusini, hukauka na kurudi. Kofia ya Mturuki, mmea wa hapa hapa Texas, ni jamaa wa hibiskasi wenye maua mekundu yasiyofunguka. Unavumilia kivuli, na ndege wadogo wa nekta hawaondoki kwake. Lantana nayo hurudi. Najua kwetu mkulima akiiona lantana anashika jembe, maana imevamia malisho. Huku ipo ya asili ya Texas, ya machungwa na manjano, na ndiyo niliyoichagua. Baridi ikiipiga mimea yako, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, upo hai. Usipoona kijani, subiri Mei ndipo ung'oe. Chama kikikuandikia, jibu kwa maandishi kwamba mzizi uko hai na uombe muda. Mimi 2025, theluji ilipoanguka Houston Januari, ndivyo nilivyofanya, na nilipewa muda.

Cha pili ni udongo, na hapa pia nililipa ada. Majirani waliniambia malkia wa bustani za Kusini mwa Marekani ni azalia, na ni kweli: Machi hapa kuna mitaa ambayo nyumba hazionekani kwa azalia. Novemba 2021 nikapanda sita. Nilichimba mashimo kwenye ule udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, ambao watu wa hapa wanauita gambo, nikajaza udongo mzuri wa kununua. Kiangazi cha mwaka uliofuata zikabaki mbili, majani yamekuwa manjano na mishipa peke yake ndiyo kijani. Nikaongeza maji. Ikabaki moja.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisiana, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukipungiana mikono tu. Hakunifundisha kwa maneno. Alichimba shimo pale ilipokufa azalia, akalijaza maji, akasema atarudi jioni. Jioni maji yalikuwa bado yamo. Nilikuwa nimechimba ndoo sita na kuzipandia maua ndani. Mzizi wa azalia uko juu juu, unataka udongo wenye tindikali na unaopitisha maji. Gambo haina hata moja, na maji ya bomba ya Houston yana chokaa yake. Tulinyanyua tuta la karibu futi moja kwa magamba ya msonobari na mboji, tukapanda juu ya ardhi badala ya ndani yake. Azalia zangu za sasa zina miaka mitatu juu ya tuta hilo. Ninazipogoa zikimaliza kuchanua tu, kwa sababu ukichelewa hadi vuli unakata maua ya mwaka ujao.

Mzee huyo ndiye aliyenikataza kukata kichwa cha krepimeto. Ni Lagerstroemia indica, mti wa Asia, ulioletwa Charleston, South Carolina, mwishoni mwa karne ya 18 na Mfaransa André Michaux, na sasa hakuna mji wa Kusini usio nao. Kila Februari utaona watu wameukata ukabaki ngumi tupu. Wanaukata kwa sababu walipanda mti wa mita nane chini ya dirisha. Soma kimo chake ukishakomaa, kisha simama mahali hapo na uangalie juu. Wangu ni wa aina ya Natchez, maua meupe, gome la rangi ya mdalasini, na nimeupanda mbali na ukuta.

Oleanda nitaitaja kwa sababu mtaniuliza. Galveston, mwendo wa saa moja kutoka kwangu, inaitwa Mji wa Oleanda; zililetwa 1841 kwa meli kutoka Jamaica, na baada ya kimbunga cha 1900 watu walizipanda tena kwa wingi kwani chumvi haizitishi. Ni nzuri mno. Lakini kila sehemu yake ni sumu, jani, ua na kijiti, na mimi nina mtoto wa miaka minne. Sikupanda.

Na jamani, acheni kununua miche Aprili. Maduka yanajaza maua Aprili kwa sababu sisi tuna hamu Aprili. Mche wa Aprili unakutana na Julai kabla haujashika ardhi. Panda Oktoba na Novemba, mzizi ufanye kazi kimya kimya baridi nzima. Tandaza matandazo inchi tatu, usiyabananishe na shina. Na soma namba ya kanda kabla ya kusoma bei. Hela mliyoipata kwa kukesha msiizike kwenye iksora. Ukiitaka sana, iweke kwenye chungu.

Ninasema hivyo kwa sababu ya asumini. Usiku ule wa Februari niliiburuta mpaka chumbani, nikalala nayo miguuni, ndani ya nyumba isiyo na umeme. Ndiyo pekee iliyopona kati ya vyote nilivyonunua 2018. Mwaka jana binti ya rafiki yangu alipoolewa Sugar Land, vikuba tulivifunga kwa maua ya chungu hicho, mama akiwa kwenye simu anatuelekeza namna ya kupanga majani ya rehani.

Dada wa Katy, Juni nilichomeka vipandikizi vya asumini hiyo na vitatu vimeshika. Viwili ni vyako. Njoo Jumamosi yoyote kabla ya saa nne asubuhi, na ukija, usiku uliotangulia chimba shimo mbele ya nyumba yako, ulijaze maji, uniambie asubuhi yamefika wapi.