Mkataba Uandikwe Kabla ya Mvua: Maneno kwa Wafanyabiashara Wenzangu wa Mombasa

Mvua za vuli za mwaka 2023 zilipojaza maji mitaa yetu mwezi Novemba, nilikuwa na ghala la unga, maharagwe na mafuta ya kupikia huko Shimanzi, nami nikajiona mtu mwenye uwezo wa kusaidia. Siku ya pili nilipakia lori mabunda mia moja ya unga wa mahindi, nikachukua mahamali wanne, tukaelekea Kisauni, ambako familia kadhaa zilikuwa zimehamia katika madarasa ya shule. Tulipokelewa kwa shukrani nyingi, lakini kabla ya magharibi nilikuwa nimekwisha kutambua kwamba nimewapelekea unga watu wasiokuwa na sufuria, wala makaa, wala maji safi ya kusongea huo ugali. Isitoshe, shirika moja la misaada lilikuwa limeshusha unga mahali hapo hapo asubuhi ile, na baadaye nikaambiwa kwamba ng'ambo ya Likoni kulikuwa na watu waliolala bila kufikiwa na gari lolote.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi na mashirika ya misaada mara kadhaa, na jambo ninalowaomba wenzangu walishike ni hili: mapatano baina ya duka na shirika yafanywe wakati jua linawaka, kwa maandishi, yakitaja ni bidhaa gani, kiasi gani, kwa bei ipi, na nani atampigia nani simu. Mvua ikishaanza, kila mtu huwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayozaa malori mawili ya unga mahali pamoja.

Anza na hesabu, kwa kuwa hesabu ni fani yetu. Mashirika mengi hufuata viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997, ambavyo hukadiria maji lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku na chakula chenye kalori 2,100. Ziweke namba hizo katika lugha ya dukani. Familia 200 zenye watu watano watano huhitaji lita 15,000 za maji kila siku, maana yake lori la maji la lita 10,000 halimalizi kazi kwa safari moja. Kwa upande wa chakula, mgao wa kawaida huwa karibu gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, pamoja na gramu 60 hivi za maharagwe au kunde na mafuta kidogo. Familia ya watu watano basi hula kilo 14 za unga kwa wiki, yaani pakiti saba za kilo mbili, na kwa kuwa bunda lina pakiti 12, bunda moja halitoshi familia mbili kwa wiki moja. Mabunda yangu mia moja, niliyoyaona kama mlima, yalikuwa chakula cha wiki cha familia 171 tu, tena chakula kisicho na mboga. Mfanyabiashara anayekwenda kwenye mazungumzo akiwa na hesabu kama hii husikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu bei, msikubali bei moja isiyobadilika kwa mwaka mzima, kwani bei ya mahindi haitabiriki na mtajikuta mkiuza kwa hasara au mkitafuta visingizio vya kutouza. Tuliyokubaliana mimi na shirika ninaloshirikiana nalo ni bei ya jumla ya siku ya agizo, ikiongezwa gharama halisi ya usafiri, basi. Kupandisha bei wakati watu wamo majini ni aibu ambayo mtaa hausahau. Malipo nayo yaandikiwe muda. Wakati mmoja nilisubiri miezi minne kulipwa, nikalazimika kukopa ili nijaze tena ghala, na kosa halikuwa la upande mmoja: shirika lilikuwa zito, lakini nami sikuwa nimedai hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi na muhuri, na pasipo hati hiyo mhasibu wao hakuwa na la kufanya.

Hapa kwetu kuna jambo la pekee ambalo mgeni anaweza asilione. Sehemu kubwa ya maghala iko kisiwani na kando ya bandari, ilhali watu wengi wanakaa bara, na tunaunganishwa nao na Daraja la Nyali, njia ya Makupa na kivuko cha Likoni. Msongamano wa saa moja siku ya kawaida huwa kizuizi cha nusu siku mvua inaponyesha. Kwa hiyo mwenye duka dogo Likoni au Kisauni, hata akiwa na mabunda ishirini tu, aingizwe katika mkataba mapema, kwa sababu mabunda yake ishirini yaliyo karibu yana faida kuliko mia zangu zilizokwama darajani.

Wauzaji wa rejareja wana sababu nyingine ya kuwa mezani. Unga wa bure ukimwagwa mtaani wiki nne mfululizo, wao ndio wanaofilisika, na mashirika yakiondoka mtaa unabaki bila duka. Ndiyo maana, soko likiwa bado linafanya kazi, huwa nahimiza misaada itolewe kwa pesa. M-Pesa ipo tangu mwaka 2007, na mwaka 2011, wakati wa ukame, kampeni ya Kenyans for Kenya iliwaunganisha Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ikilenga kuchanga shilingi milioni 500 kwanza, na mwananchi aliweza kutoa mchango wake kwa simu. Anayepokea pesa hununua sufuria kama anakosa sufuria, jambo ambalo mimi na lori langu hatukulifikiria.

Neno moja kuhusu picha na mabango. Najua tunapenda jina la duka lionekane, na mwanasiasa naye hupenda kusimama karibu na lori. Msalaba Mwekundu hufungwa na msingi wa kutopendelea upande wowote, na mashirika mengine mengi yana masharti ya namna hiyo, hivyo bango lako linaweza kuzuia mzigo wako usipakuliwe. Jina liandikwe kwenye ankara, panatosha.

Mimi sasa nina desturi ya kufungua faili la mkataba mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi kabla ya masika na mwanzoni mwa Septemba kabla ya vuli, nikapiga kila namba iliyoandikwa humo. Mara ya mwisho, kati ya namba sita, mbili hazikuwa zikipatikana, na ya tatu ilipokelewa na bwana aliyeniambia kwa upole kwamba aliacha kazi hiyo tangu mwaka uliopita na sasa anauza samaki.