Ciri hakurudi, nilikosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimemaliza mchezo wa video wa The Witcher 3 lakini Ciri, binti wa kulea wa shujaa Geralt, hakurudi mwishoni. Nilikosea wapi? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Pole, ndugu. Hukushindwa vitani, hatima yake huamuliwa na maongezi ya baada ya pambano la Kaer Morhen, ngome ya kina Geralt. Akikata tamaa, mchokoze mrushiane theluji, usimwambie tu atulie. Akienda kukutana na kundi la wachawi wanawake, mwache aingie peke yake. Akitaka kuvunjavunja maabara ya Avallac'h, mwalimu wake, mruhusu. Msindikize kaburini kwa Skjall, kijana aliyemsaidia. Ukimlinda kupita kiasi hajiamini, ndipo anapopotea. Huo ni uandishi hodari kwelikweli, maana mchezo haukupi onyo lolote. Ukirudia, sevu (hifadhi mchezo) mwenyewe kabla ya Kaer Morhen. Sevu za otomatiki hufutwa na mpya.