Mabomba ya boila yanavuja kwenye bamba

SWALI: Mabomba ya boila yetu yanavuja pale yanapoingia kwenye bamba, yaani sahani nene ya chuma yenye matundu ya kushikia mabomba. Tumeyapanua mara mbili kwa rola, kifaa kinachozungushwa ndani ya bomba ili kulitanua, na bado yanatoa maji. Tunakosea wapi?

JIBU: Huenda mmeyapanua kupita kiasi. Kutanuka kwa bomba peke yake hakutoshi kukifanya kiungo hiki kishike. Rola zinalitanua bomba moja kwa moja, lisirudi, huku bamba likivutika kidogo kama mpira. Mkitoa rola, bamba linajaribu kurudi na kulibana bomba. Mkizidisha, tundu nalo hutanuka moja kwa moja, nguvu ya kubana inaisha, na ukuta wa bomba unakuwa mwembamba na mgumu.

Basi pimeni, msikisie kwa sauti ya mota inayozungusha rola. Tuseme bomba lina kipenyo cha nje 25.4 mm, ukuta 2.1 mm, na tundu 25.65 mm. Kipenyo cha ndani ni 21.2. Ongezeni 0.25, nafasi iliyopo kati ya bomba na tundu: kwa 21.45 bomba limegusa bamba, halijabana. Mkitaka ukuta upungue asilimia 5, ongezeni 0.21 (asilimia 5 ya 2.1, mara mbili kwa kuta za pande zote mbili), yaani muishie kama 21.66 mm.

Kabla ya hapo, futeni mafuta na kutu ndani ya tundu. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa tundu ni njia ya maji, hakuna rola itakayouziba. Rola zisivuke upande wa pili wa bamba. Bomba litavimba nyuma yake na linaweza kupasuka hapo. Mabomba mliyokwisha kuyarudia, yabadilisheni.